Ratiba, kikao, msikilizaji au mshauri: kitengo cha dharura kianze na msaada upi?

Inchaji wa kitengo cha dharura akiambiwa "fanya kitu kuhusu stresi ya wafanyakazi wako", kwa kawaida anapewa agizo tupu. Hakuna fungu, hakuna mtu wa ziada, na mganga mfawidhi anataka kuona taarifa mwisho wa robo mwaka. Kinachofuata mara nyingi ni semina. Mtoa mada anaitwa, watu wanakaa ukumbini nusu siku, wanafundishwa kuvuta pumzi, wanapewa soda na nauli, kisha usiku uleule baadhi yao wanaingia zamu yenye wagonjwa wengi kuliko machela.

Semina naiweka kando. Nalinganisha mambo ambayo kitengo kinaweza kuyaanzisha chenyewe na yakaendelea hata inchaji akihamishwa: ratiba, kikao kifupi baada ya tukio zito, muuguzi mwenzako aliyefunzwa kusikiliza, na mshauri nasaha. Ugomvi una sehemu yake peke yake, kwa sababu njia zake ni nyingine na anayekosea kuchagua huko anaweza kupoteza kazi. Sheria ninazozitaja ni za Tanzania Bara. Msomaji wa Kenya au Zanzibar aangalie za kwake.

Suala hili limekua pamoja na majengo. Idara ya kwanza kamili ya tiba ya dharura katika hospitali ya umma nchini ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010 kwa msaada wa Abbott Fund. Baadaye, sehemu ya zile shilingi trilioni 1.3 ambazo serikali ilikopa IMF mwaka 2021 kwa ajili ya UVIKO-19 ilijenga majengo ya dharura kwenye hospitali nyingi za mikoa na wilaya. Jengo huisha kwa miezi. Muuguzi anayeweza kupokea majeruhi watano wa ajali moja bila kuchanganyikiwa haandaliwi kwa miezi, na wengi niliowaona wakihamishiwa huko walitoka wodi ya watoto, wodi ya wazazi au kliniki ya wagonjwa wa nje (OPD), wakapewa maelekezo ya siku mbili tatu na funguo za kabati la dawa.

Kwanza, kinachouma ni kipi?

Tukisema "pale pana stresi" tunachanganya mambo matatu. Kuna tukio: mtoto aliyekufa mkononi mwako, basi lililopinduka, au mtu mliyesoma naye akaletwa hajitambui. Kuna mzigo: wagonjwa wengi, wauguzi wawili, usiku baada ya usiku, chakula kilichopoa ndani ya mkoba. Halafu kuna watu: daktari anayefoka mbele ya wagonjwa, ndugu wa mgonjwa anayeinua mkono, mwenzako ambaye kila siku anachelewa kukupokea.

Mwaka 1979 Robert Karasek, mtafiti wa mambo ya kazi, alieleza kwamba kazi inayomsumbua mtu zaidi ni ile inayomdai mengi huku ikimwachia uamuzi mdogo. Mwaka 1988 watafiti wengine, Johnson na Hall, wakaongeza jambo la tatu, yaani msaada wa watu unaofanya nao kazi. Muuguzi wa dharura amekaa vibaya kwenye mawili ya kwanza. Hachagui nani aingie mlangoni wala aingie lini, na nusu ya maamuzi yanayomhusu hufanywa na mtu aliyelala nyumbani. Ndiyo maana lile la tatu huonekana kama pekee lililo mikononi mwetu, na ndiyo maana tunalitwika kazi ya yote matatu.

Shirika la Afya Duniani, kwenye orodha yake ya magonjwa ya ICD-11 iliyoanza kutumika Januari 2022, limeuweka uchovu uliopitiliza wa kazi kuwa hali itokanayo na kazi, si ugonjwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kuikinai kazi au kujitenga nayo kimawazo, na kujiona huna ufanisi tena. Napenda mpangilio huo kwa sababu unarudisha swali kwa mwajiri. Kama chanzo ni kazi, matibabu yaanzie kwenye kazi.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kutibu mzigo kwa dawa ya tukio. Muuguzi aliyekesha usiku sita mfululizo anaitwa chumbani aeleze anavyojisikia. Anavyojisikia ni kwamba anataka kulala.

Ratiba: masaa 8 au masaa 12

Hapa ndipo ningeanzia, na hapa ndipo wengi hawapendi kuanzia, kwa sababu ratiba ni mamlaka.

Zamu tatu za masaa 8 zinaonekana za kibinadamu zaidi, na kwa upande wa uchovu ndivyo zilivyo. Utafiti uliohusisha wauguzi zaidi ya 31,000 katika nchi 12 za Ulaya, ukachapishwa mwaka 2014 na kufuatiwa na uchambuzi mwingine mwaka uliofuata, ulionyesha kuwa wanaofanya masaa 12 au zaidi kwa zamu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuripoti huduma duni, kazi iliyoachwa bila kukamilika na uchovu uliopitiliza. Hao ni wauguzi wa wodi za kawaida, si wa dharura, lakini sioni sababu ya dharura kuwa nyepesi zaidi.

Kwa nini basi wauguzi wenyewe, ukiwapa kura, wengi huchagua 12? Kwanza nauli. Anayekaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi katikati ya jiji anafurahia kila safari inayopungua. Pili siku za mapumziko hukaa pamoja, na mtu anapata nafasi ya kusoma, kulima, kuuza duka. Tatu kuna jambo ambalo watunga ratiba wa Ulaya hawakulazimika kulifikiria sana: zamu ya jioni ya masaa 8 inaisha usiku. Hospitali isiyo na gari la wafanyakazi inamtoa muuguzi wa kike getini saa nne usiku atafute bodaboda. Wengi wanaona afadhali wabaki ndani hadi kuche. Na tatizo la nne, la kazi yenyewe: zamu tatu zina makabidhiano matatu kwa siku, na kila makabidhiano ni mahali pa taarifa kupotea na ugomvi kuzaliwa.

Sasa weka sheria pembeni ya hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka masaa 45 ya kawaida kwa wiki, kikomo cha masaa 12 kwa siku ukijumlisha ya ziada, mapumziko ya angalau masaa 12 kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na dakika 60 za kupumzika kwa aliyefanya kazi zaidi ya masaa matano mfululizo. Piga hesabu. Zamu nne za masaa 12 kwa wiki ni masaa 48, tayari umevuka ya kawaida. Na zamu ya masaa 12 inayofuatiwa na nyingine kesho yake haiachi hata dakika ya akiba: mpokeaji wako akichelewa dakika 40, umeshavuka kikomo cha siku na mapumziko yako yameshaliwa. Kuhusu lile saa moja la kula, sheria imeacha mlango kwa kazi isiyoweza kuachwa bila mtu au kufanywa na mwingine, na vitengo vya dharura hupita kwenye mlango huo kila siku kana kwamba ndiyo njia kuu.

Uamuzi wangu ni huu. Palipo na gari la wafanyakazi, zamu za masaa 8. Pasipo nalo, masaa 12, lakini zamu za usiku zisizidi tatu mfululizo, na awepo mtu wa zamu ya katikati. Huyu anaingia saa tano asubuhi, na kazi yake ya kwanza ni kumpokea mmoja mmoja akale, akasali, akanyooshe mgongo. Hahitaji kibali cha ajira mpya. Anatolewa kwenye zamu ya asubuhi, ambayo karibu kila hospitali ina watu wengi kuliko usiku kwa sababu tu ndiyo zamu ambayo wakubwa wapo. Usiku, kama hakuna wa kumtoa, msimamizi wa hospitali wa usiku ndiye ashike nafasi kwa zamu. Metroni, yaani wakuu wa wauguzi, wachache wataipenda sentensi hiyo.

Kuhusu idadi, jimbo la California lina sheria inayoweka muuguzi mmoja kwa wagonjwa wanne kwenye kitengo cha dharura tangu 2004, na mmoja kwa mmoja kwa majeruhi mahututi. Sisi hatufiki huko kesho. Lakini utafiti maarufu wa Linda Aiken na wenzake wa mwaka 2002, uliofanywa Pennsylvania kwenye wodi za upasuaji, uliona kila mgonjwa mmoja wa ziada kwa muuguzi unaambatana na ongezeko la asilimia 23 la uwezekano wa uchovu uliopitiliza, na asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Hiyo asilimia 7 ndiyo ya kupeleka kwenye kikao cha menejimenti. Uchovu wa muuguzi haujawahi kuteteresha bajeti. Kifo cha mgonjwa huweza. Kwa hiyo andika kila zamu walikuwepo wauguzi wangapi na wagonjwa wangapi wa rangi nyekundu na ya chungwa, yaani wale wa hali nzito zaidi. Miezi mitatu ya daftari hilo ina nguvu kuliko malalamiko ya mwaka mzima.

Na kama huwezi kubadili chochote, anzisha daftari la maombi ya ratiba: kila mtu aandike siku mbili za mwezi ambazo ni lazima apumzike, kabla ratiba haijapangwa. Linampa muuguzi ule uamuzi mdogo ambao Karasek alisema unakosekana, na linapunguza minong'ono ya nani ni mtu wa nani.

Baada ya tukio: kimya, kikao cha kazi, au kikao cha hisia

Kuna njia tatu, na watu huziita zote jina moja.

Ya kwanza ni kimya kifupi. Jonathan Bartels, muuguzi wa dharura huko Virginia, Marekani, alianza kuwaomba wenzake wasimame pale pale mgonjwa anapofariki, wanyamaze kwa chini ya dakika moja kumheshimu aliyekufa na jitihada zao wenyewe, kisha waendelee. Kwetu inafanya kazi vizuri kuliko mtu angedhani, maana zamu moja ina Waislamu, Walutheri, Wakatoliki na wa makanisa ya kiroho, na kimya hakimbagui yeyote. Kila mtu anaomba dua yake moyoni. Haigharimu kitu. Haitatui kitu pia, ila inazuia ile hali ya kutoka kwenye maiti ya mtoto moja kwa moja kwenda kumuuliza mgonjwa wa pembeni kadi yake ya bima.

Ya pili ni kikao cha kazi, dakika tano hadi kumi, kabla zamu haijaondoka. Maswali matatu yanatosha: nini kimeenda vizuri, nini kilikosekana, nini tubadilishe kabla ya mgonjwa mwingine. Mara nyingi jibu ni la vitu: betri ya mashine ya kushtua moyo haikuwa na chaji, funguo za kabati zilikuwa mfukoni mwa mtu aliyekwenda kantini, hakuna aliyejua nani anahesabu muda wa adrenalini. Msongo mwingi tunaoudhani ni wa huzuni ni hasira ya vitu kama hivi, na hasira hiyo hupungua kitu kinapoonekana kimerekebishwa. Hatari yake ni kikao kugeuka mahakama. Daktari mwandamizi na inchaji wazungumze mwisho, na swali la "nani aliacha" lisiulizwe hapo kabisa; likihitajika, lina utaratibu wake.

Ya tatu ni kikao cha hisia, ambapo kikundi kinaketi siku moja mbili baadaye na kila mmoja anaombwa asimulie alichoona, alichofikiri na alichohisi. Mfumo huu uliandikwa mwaka 1983 na Jeffrey Mitchell kwa ajili ya wazimamoto na watu wa magari ya wagonjwa Marekani, ukaenea duniani. Ni wa huruma na unaonekana wa maana. Shida ni kwamba mapitio ya mwaka 2002 ya Cochrane, mtandao unaochambua tafiti za afya kwa pamoja, ya kikao kimoja cha namna hii yaliona hakizuii athari za kiakili za muda mrefu, na jaribio mojawapo lilikuta waliopitishwa wakiwa na hali mbaya zaidi baada ya mwaka. Watetezi wake wanajibu kwamba majaribio hayo yalifanywa zaidi kwa mtu mmoja mmoja, wengi wao majeruhi wenyewe, si kwa timu za kazi, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani linashauri kikao hicho kisitumike kwa watu waliotoka kupata tukio la kutisha.

Kwa hiyo kimya na kikao cha kazi viwe kawaida ya kitengo. Kikao cha hisia kisiwe cha lazima kwa yeyote, na asiyetaka kusema asionekane ana tatizo. Wapo wanaopona kwa kuongea. Wapo wanaopona kwa kwenda kumwogesha mtoto wao.

Msikilizaji au mshauri

Namwita msikilizaji yule muuguzi mwenzako aliyepewa mafunzo mafupi ya huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambaye mtu anaweza kumwendea au kumpigia. Hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore ilianzisha mfumo wa namna hii mwaka 2011, ukiwa na wafanyakazi wa kujitolea wanaopatikana kwa simu usiku na mchana. Albert Wu, mmoja wa walioujenga, aliandika mwaka 2000 kuhusu mtoa huduma ambaye kosa limetokea mikononi mwake: mgonjwa ameumia, na yeye pia anatembea na jeraha ambalo hakuna anayeliuliza. Kwa muuguzi aliyetoa dozi isiyo sahihi saa kumi alfajiri, mtu wa kwanza anayehitajika ni mwenzake anayejua saa kumi alfajiri inavyokuwa.

Mafunzo yenyewe si makubwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unayaweka kwenye vitendo vitatu: kuangalia, kusikiliza, kuunganisha. Hakuna kumchimba mtu. Kuna maji, kiti, na swali la "unataka nikupigie nani?"

Mshauri nasaha au mwanasaikolojia ana kitu ambacho msikilizaji hana, nacho ni utaalamu na umbali. Hospitali nyingi za umma zina washauri waliofunzwa kupitia kliniki za tiba na matunzo ya VVU, na maafisa ustawi wa jamii. Lakini wanakaa ofisini saa za kazi, na muuguzi wa usiku analala saa hizo. Pia mko korido moja. Ukionekana unatoka kwake, jioni habari imefika maabara. Pale fedha zikiwepo, mshauri wa nje ya hospitali anatumika zaidi kuliko wa ndani hata kama ni mbali.

Mipaka kati yao iwe wazi. Mtu asiyelala, anayeota tukio lilelile au anayekwepa chumba fulani kwa zaidi ya mwezi. Aliyeanza kunywa ili alale, au kuchukua dawa za usingizi kwenye kabati la kitengo. Anayesema afadhali asingekuwepo: hao ni wa mtaalamu, na huyo wa mwisho ni wa leo hii. Msikilizaji akijaribu kuwabeba, atazama nao.

Na inchaji asiwe msikilizaji. Najua wengi ni watu wazuri, wanaitwa mama na wanastahili. Lakini ndiye anayekujazia tathmini ya utendaji, ndiye anayependekeza nani aende kozi na nani ahamie wodi. Mtu hawezi kumwambia anayemtathmini kwamba mikono inamtetemeka akishika kanula. Njia nzuri ya kupata wasikilizaji ni karatasi: kila muuguzi aandike kwa siri majina mawili ya wenzake ambao angewaendea. Majina yanayojirudia ndiyo hayo, na mara nyingi si yale ambayo uongozi ungeyateua.

Kwa hospitali kubwa ipo njia nyingine, mikutano ya mwezi iliyoanza Boston mwaka 1997 kwa kumbukumbu ya mwanasheria Kenneth Schwartz aliyefariki kwa saratani ya mapafu. Wafanyakazi wa kada zote husimulia upande wa moyo wa kazi, si upande wa matibabu. Nzuri, ila inahitaji ukumbi, mwezeshaji na chakula cha mchana. Kwa kitengo cha wilaya si ya kuanzia.

| Njia | Inatibu nini hasa | Inahitaji nini | Inaharibika lini |
|---|---|---|---|
| Ratiba | Mzigo | Ujasiri wa metroni | Ikipangwa kwa upendeleo |
| Kimya kifupi | Tukio, kwa sehemu | Hakuna | Ikigeuzwa ibada ya dini moja |
| Kikao cha kazi | Tukio na vitu vilivyokosekana | Dakika kumi | Ikigeuka kutafuta mkosaji |
| Msikilizaji | Tukio, makosa ya kazi, upweke | Mafunzo mafupi, muda wa maongezi | Siri ikivuja mara moja tu |
| Mshauri | Kisichoisha baada ya mwezi | Fedha, faragha | Akikaa korido moja na utawala |

Ugomvi: wenyewe, kwa metroni, au kwa chama

Tafiti za namna wauguzi wanavyokabili ugomvi, katika nchi mbalimbali, hurudia kukuta kwamba kukwepa ni miongoni mwa njia wanazozitumia zaidi. Kwetu kuna msemo wake kabisa, funika kombe mwanaharamu apite. Sisemi kukwepa ni kubaya daima. Mgonjwa akiwa anabonyezwa kifua, kukwepa ndiyo hekima. Shida ni pale kombe linapofunikwa miaka mitatu.

*Kumaliza wenyewe* kunafaa kwa jambo la mara ya kwanza, kati ya watu wa ngazi zinazokaribiana, na ndani ya siku moja au mbili kabla halijapata mashabiki. Faragha ni lazima. Hapa heshima inaumia zaidi mbele ya watu kuliko kwa maneno yenyewe. Ugumu wa kwetu ni ngazi mbili zinazopishana: muuguzi kijana mwenye shahada ambaye kwa cheo yuko juu, na sista mwenye cheti aliyetumikia miaka 25, ambaye kwa umri ni mama yake. Kijana akimsahihisha mbele ya wanafunzi, hata akiwa sahihi kwa dozi, ameshapoteza. Amwite pembeni, aanze na shikamoo, kisha aseme jambo lenyewe bila kulizungusha.

Kwa daktari, kuna hatua tatu zilizomo kwenye TeamSTEPPS, mafunzo ya kazi ya timu yaliyotolewa Marekani mwaka 2006: nina wasiwasi, sijaridhika, hili ni suala la usalama wa mgonjwa. "Daktari, nina wasiwasi na presha ya huyu mama." Akikupuuza: "Daktari, sijaridhika kumpeleka wodini na presha hii." Akikupuuza tena, unasema la tatu na unamwita mwandamizi wake. Inakubalika kwetu kwa sababu inaanza na mimi, haimshtaki yeye, na mgonjwa ndiye anabaki kuwa hoja.

*Kwa metroni au muuguzi mfawidhi* unakwenda pale jambo linapojirudia. Nenda na maandishi: tarehe, zamu, kilichosemwa, nani alikuwepo. Faida yake ni kwamba ana uwezo wa kubadili kitu siku hiyohiyo. Hasara yake ni suluhu ya haraka: mnashikishwa mikono, mnaambiwa nyie ni familia moja, na wiki inayofuata mmoja anahamishiwa wodi nyingine. Karibu kila mara anayehama ni yule aliyelalamika, au mdogo. Ukipewa suluhu ya kuhama, omba sababu kwa maandishi. Ombi hilo peke yake limewahi kubadilisha uamuzi.

*Chama na vyombo vya nje.* Watu huchanganya majina, kwa hiyo niyaweke sawa. TUGHE ni chama cha wafanyakazi. Kinaweza kukusimamia kwenye mgogoro wa kazi. TANNA ni chama cha kitaaluma cha wauguzi. Baraza la Uuguzi na Ukunga linashughulikia leseni na mwenendo wa kitaaluma, lipo kumlinda mgonjwa, na kumpeleka mwenzako huko kwa sababu ya ratiba ni kutumia shoka kuua mbu. Uliyeajiriwa hospitali binafsi au ya taasisi ya dini unaweza kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na muda huko ni mfupi: siku 30 kwa suala la kuachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine. Wengi hupoteza haki wakisubiri "tuone mwezi huu". Mtumishi wa umma, tangu marekebisho ya mwaka 2016, lazima kwanza amalize ngazi za ndani za utumishi wa umma.

Chama kina nguvu kwa mambo ya wote. Wauguzi wa hospitali za umma Kenya waligoma mwaka 2017 kuanzia Juni hadi Novemba, karibu miezi mitano, kwa madai ya mkataba wa pamoja na posho. Kwa ugomvi wako na inchaji mmoja, nguvu hiyo haikusaidii sana. Kinachokusaidia ni mwakilishi wa tawi anayekaa pembeni yako kwenye kikao na kuandika.

Ndugu wa mgonjwa akikupiga, huo si ugomvi, na usikubali usuluhishiwe. Mwongozo wa pamoja wa Shirika la Kazi Duniani (ILO), Shirika la Afya Duniani, Baraza la Kimataifa la Wauguzi na shirikisho la vyama vya wafanyakazi wa huduma za umma (PSI) wa mwaka 2002 unahesabu matusi na vitisho pia kuwa ukatili mahali pa kazi. Tunawaandikia wagonjwa "njoo na PF3", ile fomu ya polisi ya majeruhi, kila siku, lakini muuguzi aliyechaniwa sare na kuvimba jicho anaambiwa akanawe uso arudi. Naye anastahili PF3, ripoti ya tukio kwenye faili, na taarifa ya mwajiri kwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, maana ameumia akiwa kazini. Halafu urudi kwenye chanzo: ndugu wengi hupandisha hasira kwa sababu hawajui kwa nini aliyekuja baadaye ameingia kwanza. Bango la rangi za kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, kwa Kiswahili cha kueleweka, na mtu mmoja wa kutoka nje kila nusu saa kuwaeleza waliokaa kwenye benchi, hupunguza kelele kuliko mlinzi wa pili getini.

Kama mko wawili tu usiku

Mengi niliyoyaandika yanahitaji watu angalau kumi na wawili. Kituo cha afya chenye wauguzi wawili usiku, mmoja leba na mmoja mapokezi, hakiwezi kuchagua wasikilizaji kwa kura wala kuwa na mtu wa zamu ya katikati. Hapo ningechagua mambo mawili tu. Kikao cha dakika tano kila baada ya tukio, hata kama ni ninyi wawili na mlinzi aliyewasaidia kubeba. Na msikilizaji wa kituo jirani: vituo vitatu au vinne vya tarafa moja vinabadilishana, wa kwenu anasikiliza wa kwao, wa kwao anawasikiliza ninyi, ili siri isizunguke kwenye kijiji kimoja. Muda wa maongezi uingizwe kwenye matumizi madogo ya kituo, na namba ya msikilizaji ibandikwe palipo na namba ya gari la wagonjwa.